Bomba Lina Watu

Mwezi wa kumi nililiosha kwa sabuni ya mche,
maji mara tatu; mara ya nne nikalinusa:
koo lake bado lilinuka dawa.
Nikalitundika chini ya bati, banda la kuni,
kifuniko wazi,
nikasema, pumzika, nasi tupumzike.

Mwezi wa nne mvua ikaingia Bweyale kwa fujo.
Kabichi zikaanza kujifunga vilemba
na viwavi wakafika bila barua,
kijani juu ya kijani.
Unawasikia kabla hujawaona:
usiku, ukiinama, jani linatafunwa.

Nikaenda dukani kwa Byabasaija,
nikachukua chupa ya elfu kumi na nane,
kwa deni, kwa daftari.
Nikanyoosha mkono kulishusha bomba,
kikanirukia usoni kitu chenye mabawa.

Ndani ya chujio, pale mdomoni,
kikombe: vijizizi, manyasi,
nywele za kusukia alizotupa Giramia,
na mayai matatu, rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Kurumbiza. Nyusi nyeupe, kifua cha boga lililoiva.
Alitua juu ya kuni akanitukana
kwa sauti ile ile anayoniamshia alfajiri.

Sikuwa mwema. Nataka hilo lieleweke.
Nilipiga hesabu: kabichi mia tatu na kumi,
ada ya muhula wa pili, chupa mkononi,
na mayai matatu yasiyomlipia mtu.
Nikaiweka chupa juu ya kabati. Kesho, nikasema.
Kesho ikazaa kesho.

Tukaokota kwa mkono, mimi na Giramia,
tochi ya simu, kopo lenye majivu.
Alihesabu kwa sauti hadi mia, akachoka,
akaanza kuwapa viwavi majina ya walimu wake.

Siku ya kumi na nne banda likaanza kulia njaa.

Hapo ndipo nilipoona kazi.
Nilibandika birika; kabla halijachemka
walikuwa wameingia mara kumi na moja,
mama na baba, nisijue yupi ni yupi,
kila mdomo na kiwavi akining'inia
kama uzi uliochomoka kwenye pindo.

Wakaja na wengine, wasioalikwa:
yule mweusi mweupe wa mkia usiotulia,
akitembea kati ya matuta kama mkaguzi;
dudumizi mzito, akazama kabichini,
akaibuka na panzi,
akazama tena, akaibuka na kinyonga mchanga.
Hawakuchagua. Walikula adui na rafiki yangu.
Na nyuki, sijui wangapi, nao wakaenda.

Sitadanganya: vichwa arobaini vililiwa hadi moyo,
nikawapa mbuzi.
Vilivyobaki vilikwenda sokoni na matundu yao.
Mwanamke mmoja akatia kidole tunduni.
"Hii imeliwa."
"Imeliwa," nikasema. "Na aliyekula hakufa kwa kula."
Akacheka, akataka nipunguze mia mbili.
Nikapunguza.

Chupa nimeirudisha, kizibo hakijafunguliwa.
Byabasaija alikunja uso,
akaigeuza mara mbili mwangani,
ndipo akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu.

Makinda yaliruka Alhamisi. Sikuyaona.
Nilikuta kikombe kitupu, unyoya mmoja,
na lile koo la bomba
sasa linanuka kinyesi na vumbi na joto la ndege.

Leo Onegiu amekuja mlangoni anatoka jasho,
mahindi yake yameingiliwa na viwavijeshi.
"Jirani, niazime bomba."

Nikatazama bandani. Juu ya kuni
kurumbiza ana unyasi mdomoni,
ananiangalia kwa jicho moja,
anasubiri nimalize maongezi.

"Lina watu," nikamwambia.